Kiwanja cha 50 kwa 100 kule Matugga: mti gani, maua gani, na kwa nini ya kwanza yalikufa

Msomaji wetu wa Matugga, kwenye barabara ya Bombo, ameandika hivi:

"Assalaam aleikum, Mzee. Tulihamia nyumba yetu mpya mwezi wa Januari. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, na mafundi walituachia uwanja mtupu. Nilinunua kando ya barabara mipamu miwili ile ya shina jeupe, mawaridi sita na miche ya iksora ya kupanga ukutani. Mawaridi yamebaki mawili, iksora zimegeuka manjano, na mpamu mmoja umeoza katikati. Sasa mvua za Septemba zinakaribia, nataka kuanza upya. Nahitaji kivuli, maua, na wigo upande wa jirani. Nina watoto wawili, wa miaka miwili na mitano. Kuna wiki tunanunua maji kwa jerikani. Nipande nini, na nilikosea wapi?"

Waaleikum salaam, dada yangu, na hongera kwa nyumba. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu miche mipya ukiipanda palepale na kwa namna ileile itakufa vilevile, hata nikuchagulie mizuri namna gani.

Chukua jembe uende ukutani, pale zilipo iksora, uchimbe kina cha mkono hadi kiwiko. Nimefanya hivyo kwenye nyua nyingi mpya za Wakiso na Mukono, na karibu kila mara nakuta kitu kilekile. Juu kuna vidole viwili vya udongo mwekundu, uliomwagwa siku ya mwisho ili mahali papendeze. Chini yake pana tabaka la kijivu, gumu: saruji na chokaa iliyodondoka wakati wa kupiga plasta, vipande vya matofali, misumari, karatasi za mifuko ya saruji, pengine ubao mzima uliosahaulika. Chini zaidi ndiyo ardhi yenyewe, nayo imekanyagwa na malori hadi jembe linadunda. Miche yako ilipandwa kwenye kifusi, dada. Hata mimi nisingeweza kuiotesha humo.

Udongo wetu mwekundu wa ukanda huu wa ziwa kwa asili una uchachu kidogo, na iksora, gadenia, mawaridi na haibiskasi wanaupenda uchachu huo. Saruji ina chokaa, na chokaa huuondoa. Uchachu ukishaondoka, madini ya chuma yanabaki ardhini lakini mzizi unashindwa kuyavuta. Alama yake iko kwenye jani. Chuma jani changa la juu kabisa la iksora yako ulishike kuelekea jua. Kama jani ni la manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito, basi ni chokaa ya mafundi. Kama yaliyo manjano ni majani ya zamani ya chini, na umanjano umeenea sawasawa hadi kwenye mishipa, basi mmea una njaa ya naitrojeni, na samadi itautibu. Watu wengi wanaichanganya hali hii ya kwanza na ya pili, wanamwaga mbolea juu ya mbolea, na mmea unazidi kudhoofu.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza mwezi huu ni kutoa uchafu. Huna haja ya kulima uwanja mzima. Chagua mahali ambapo mimea itakaa, na hapo tu chimba mashimo ya sentimita 60 kwa upana na 60 kwa kina, au mtaro wa upana huo pale utakapoweka wigo. Kifusi chote kitoke nje, na mbao pia, hata kipande kidogo, maana ubao uliozikwa ni karamu ya mchwa, na wakishaumaliza watahamia kwenye mizizi. Kisha jaribu kama ardhi inanywa maji: mimina nusu jerikani ndani ya shimo. Ukirudi baada ya muda wa saa nne ukakuta maji bado yamesimama, tindua sakafu ya shimo kwa mtaimbo mpaka ipasuke, la sivyo umechimba beseni na mzizi utaoza ndani yake wakati wa mvua. Jazia kwa udongo mweusi wa juu, sehemu mbili, na mboji au samadi iliyoiva, sehemu moja. Kwenu kuna wafugaji wengi wa kuku na samadi yao hupatikana kwa urahisi, lakini usiitumie mbichi. Irundike, iloweshe, ifunike, uiache miezi miwili au mitatu hadi iache kunuka na isiwe na joto ukitia mkono. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, na nina wasiwasi kwamba baadhi ya mawaridi yako yalikwenda hivyo.

Mpamu uliooza katikati nina hakika ulizikwa mno. Mpamu hauna macho ya akiba kama mwembe au mparachichi. Una kichipukizi kimoja tu, kiko katikati ya majani, na kikifa mti wote umekufa. Aliyepanda akishindilia udongo hadi juu ya shingo, maji ya mvua hukaa pale na kuozesha. Ule wa pili bado mzima, lakini nakuomba uufikirie. Ni mpamu wa kifalme, asili yake Kuba na visiwa vya jirani. Hurefuka kupita paa lako, na kila jani lake linalokauka huanguka lenyewe bila kutoa taarifa, nalo ni zito kama gogo. Mbele ya hoteli kuna mtu wa kuyapunguza na hakuna mtoto anayechezea chini yake. Kwako kuna watoto wawili. Ungali mdogo, mpe mwenye nafasi.

Sasa kivuli. Futi 50 kwa 100 ni takribani mita 15 kwa 30, na nyumba imeshachukua katikati. Hapo panatosha mti mkubwa mmoja. Mmoja, dada, si mitatu. Swali la maana ni ukae upande gani, na hapa sisi tunaoishi karibu na Ikweta tuna jambo letu ambalo vitabu vya bustani kutoka Ulaya haviwezi kutuambia. Matugga iko kaskazini kidogo tu ya Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini wa paa lako, na miezi iliyobaki linapita kusini. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hupokezana: nusu mwaka jua, nusu mwaka kivuli. Ukuta wa mashariki hupata jua la asubuhi, ambalo ni laini. Ukuta wa magharibi ndio unaoteseka, kila siku ya mwaka, kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, na chumba kilicho nyuma yake ndicho mnachoshindwa kulala kwa joto. Basi mti wako ukae magharibi mwa nyumba, mita nne au tano kutoka ukutani, na umbali kama huo au zaidi kutoka tangi la maji machafu.

Na uwe mti gani? Ningekuwa mimi ningepanda msambya. Waganda wanauita musambya, kilima cha Nsambya pale Kampala kimepata jina kutoka kwake, na wataalamu wanauandika Markhamia lutea. Huenda umeuona maisha yako yote kwenye mashamba ya ndizi bila kuutazama. Hukua haraka, husimama wima bila kutanua mikono hadi kwa jirani, haupukutishi majani yote kwa pamoja, na ukirefuka kupita kiasi unaweza kuukata kichwa ukachipua tena. Maua yake ni tarumbeta za manjano mbivu. Okota moja lililoanguka ulitazame ndani: kooni mna mistari myekundu, myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu, inayomwelekeza nyuki njia. Mti huu ungeletwa kutoka nje kwa meli, watu wangeulipia pesa nyingi. Kwa kuwa unaota wenyewe kwenye shamba la bibi, tunaukata kwa nguzo.

Utashauriwa miti mingine, kwa hiyo nikueleze ninavyoiona. Ule wa mwavuli, terminalia kutoka Madagaska, ni mzuri kweli, umepangwa ngazi kwa ngazi kama sahani, na Kampala imejaa yeye. Ila matawi yake hulala mbali, na kwenye upana wa mita 15 utakuwa unamkatia jirani kila mwaka. Mwashoki, ule mwembamba kama mnara, unafaa kwa kuficha dirisha la jirani, lakini usiutegemee kwa kivuli. Kifabakazi ni mti wetu, maua mekundu kama moto, na machipukizi yake yana maji ambayo watoto huyabana na kurushiana, ingawa maji hayo hutia doa kwenye nguo. Lakini huwa mkubwa sana na matawi yake huvunjika kwa upepo, kwa hiyo mahali pake ni shuleni au kwenye shamba. Mkrismasi wenye maua mekundu ya mwisho wa mwaka hutanda kama hema na mizizi yake huinua sakafu. Jirikiti, ambao Waswahili wa pwani wanauita mwamba ngoma, ningekupa kwa furaha, maana huchanua mekundu wakati hauna hata jani na ndege chozi hujaa. Ila una miiba, na mbegu zake nyekundu zenye baka jeusi ni sumu na zinavutia mkono wa mtoto. Subiri hawa wako wakue.

Fikasi usiipande kabisa, hata kama muuzaji ameikata duara ikapendeza. Nasema kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimpandia mteja fikasi mbili mita mbili tu kutoka tangi la choo, kwa sababu pale ndipo palipoonekana patupu. Mwaka wa sita mizizi iliingia kwenye bomba na kulijaza kama sponji. Ilibidi kuvunja sakafu ya uani. Fikasi ni ukoo mmoja na mutuba wa kutengenezea kitambaa cha gome, na ukoo huo wote mizizi yake hutafuta maji kokote yaliko.

Kabla hujanunua mti wowote, nenda ukauone ukiwa mzima. Pale Entebbe kuna bustani ya mimea ya taifa iliyoanzishwa 1898 kando ya ziwa. Chukua watoto siku ya Jumapili, simama chini ya kila mti unaoutaka, tazama juu, kisha tazama mizizi. Mche wa kwenye kiriba haukuambii chochote kuhusu ukubwa wake. Miche ya miti ya kienyeji, msambya ukiwemo, utaiuliza kwenye kituo cha taifa cha mbegu za miti kule Namanve.

Wigo wa upande wa jirani. Kila mtu Kampala anapanda duranta ya manjano, na sitakukataza kwa ubaya wake wa sura, maana inang'aa vizuri. Lakini inataka mkasi kila wiki tatu au nne wakati wa mvua, na ukichelewa inatoa vitunda vya rangi ya chungwa ambavyo ni sumu kwa mtoto. Mimi ningekupandia oluwaanyi. Hilo ni jina la Kiganda la drasena, na wazee wa Buganda waliutumia kuonyesha mpaka wa shamba kwa shamba, kwa sababu hauhami na haufi. Unakata fimbo ya urefu wa mkono, unaiacha kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, unaichomeka, basi. Hauhitaji maji ya jerikani. Ukikomaa hutoa shada la maua meupe madogo, na usiku unapoingia hunukia hadi sebuleni. Huko Ulaya huwekwa kwenye vyungu ndani ya maofisi, watu wanaulipia, na kwao ni mgeni kutoka kwenye misitu yetu.

Kati ya fimbo na fimbo za oluwaanyi weka haibiskasi, umbali wa sentimita 60 hadi 80, na wigo wote ukae mkono mmoja ndani ya mpaka ili uweze kukata pande zote mbili bila kumwomba jirani ruhusa. Haibiskasi usinunue. Kama una mama au shangazi Bombo au popote njiani, nenda kwenye nyumba yenye haibiskasi kongwe iliyonawiri, omba ukate vijiti vya unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, vilivyoanza kukomaa lakini havijawa mbao. Ondoa majani, bakiza mawili ya juu uyakate nusu. Chomeka theluthi mbili ardhini, kivulini, na weka unyevu. Mmea uliokwisha zoea udongo na mvua za barabara ile umeshafaulu mtihani ambao wa kutoka kitaluni haujaufanya, na ua la nyumbani kwa mama lina thamani yake. Ukiona unga mweupe kama pamba kwenye macho ya matawi, hao ni vidung'ata. Wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na tawi lililojikunja kabisa likate ulichome. Usikimbilie dawa kali, kwa sababu nyuki na chozi wanakula hapohapo.

Getini weka bogenvilia, upande unaopata jua angalau saa sita kwa siku. Huyu ni mmea ambao watu huuua kwa mapenzi. Wanaumwagilia kila jioni, wanautilia samadi, nao unatoa majani mengi mapana na miiba mirefu bila ua hata moja. Bogenvilia huchanua ikipata kiu kidogo. Ikishashika mizizi, baada ya mwaka, iache ijitegemee. Kile unachokiona kama ua lake kwa kweli ni majani matatu yaliyopakwa rangi, na maua yenyewe ni vile vibomba vyembamba vyeupe katikati. Kila wimbi la rangi likiisha, punguza matawi kwa theluthi, maana huchanua kwenye matawi mapya. Miiba yake juu ya ukuta ni mlinzi usiyemlipa.

Pale ambapo maji ya bomba la tangi yanadondoka na kufanya tope, usihangaike kupakausha, panda kana za maua mekundu na ya manjano. Penye kivuli cha baraza panda impesensi, ile ya maua laini ya pinki na meupe inayopasua vibegi vya mbegu ukivigusa. Nayo ni ya Afrika Mashariki, kama ilivyo ile urujuani ndogo ya kwenye vyungu ambayo dunia nzima inaiweka madirishani na ambayo ilitoka milima ya Usambara kule Tanzania. Mbele, penye jua, mwaga mbegu za zinia na kosmosi mvua zikianza. Ni rahisi, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuzipanda mwenyewe. Mpe kona yake. Karibu na dirisha la chumba chako weka yasmini ipande kwenye waya, na kwenye chungu mlangoni mrehani. Hayo sihitaji kumweleza mtu wa nyumba ya Waswahili.

Nikuongezee moja la Krismasi, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi: ule mmea wa majani mekundu, poinsetia, unaotoka Meksiko. Huo hugeuka mwekundu ukipata usiku mrefu wenye giza kamili, mfululizo kwa wiki kadhaa. Watu wanaupanda chini ya taa ya usalama inayowaka hadi alfajiri, kisha wanalalamika umebaki kijani mwaka mzima. Kama una taa ukutani, upande nyuma ya nyumba.

Sasa kuhusu watoto, na hapa naomba usome taratibu. Oleanda, ya pinki na ile ya manjano yenye kitunda kama kengele iliyobanwa, ina sumu inayoshambulia moyo, kuanzia jani hadi mbegu. Inauzwa kila mahali na hupandwa wigo hata kwenye shule za chekechea. Usiilete nyumbani. Tarumbeta zile kubwa za kuning'inia, za ukoo wa datura, nazo hapana. Mnyaa, ambao Waganda wanauita nkoni, una maziwa yanayoweza kupofusha jicho. Difenbakia ya ndani, yenye majani ya madoadoa, ikitafunwa huvimbisha ulimi na koo. Mbarika mbegu zake ni hatari kubwa. Kama kuna yoyote kati ya hizi uani kwako au ukingoni mwa jirani, ing'olewe ukiwa umevaa glavu, na usiichome moto mahali ambapo moshi utaingia ndani. Mtoto akitafuna mmea usioujua, mpeleke hospitali mara moja pamoja na tawi lenyewe, ili daktari ajue anatibu nini.

Kuna mimea mingine ambayo ubaya wake mkubwa ni kwa nchi. Ile sena yenye mashada marefu ya maua ya manjano, inayokua upesi mno, imevamia msitu wa Budongo na kuzuia miche ya asili. Mforosadi wa karatasi umefanya vilevile Mabira. Kayukiyuki, lantana, inapendeza kwa rangi zake, lakini ndege wanabeba mbegu zake hadi malishoni na ng'ombe wakila wanaugua ini. Muuzaji hatakuambia haya. Mimi nauza miche, nakuambia.

Siku ya kununua, usichague mche mrefu kuliko wenzake au wenye maua mengi. Chagua mfupi, mnene wa shina, wenye majani ya kijani hadi chini. Mwombe muuzaji akuruhusu kupasua kiriba cha mche mmoja. Mizizi iwe myeupe na imetawanyika. Ukiona mzizi mkuu umejizungusha chini mara mbili tatu kama mkia wa paka aliyelala, mche huo umekaa kwenye kaveera, yaani huo mfuko wake wa plastiki, muda mrefu mno. Ukiupanda hivyo utakua miaka mitatu, kisha siku ya upepo utalala chini, kwa sababu mizizi yake bado iko kwenye umbo la kiriba. Kama ni mmoja tu na unaupenda, kata ule mzunguko kwa wembe safi kabla ya kupanda. Na kaveera itoke yote. Nimeng'oa miti ya miaka minne iliyopandwa na kaveera yake.

Usipande siku ya mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza ya Septemba hudanganya, inanyesha siku mbili halafu jua linarudi wiki nzima. Ngoja hadi ukichimba unakuta unyevu kina cha kiganja na vidole, kisha panda jioni. Udongo wa kwenye kiriba ulingane na uso wa ardhi, usizamishe shingo. Shindilia kwa mikono, si kwa kisigino. Weka matandazo ya nyasi kavu au maganda ya kahawa, unene wa vidole vinne, lakini yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka pande zote, kwa sababu mchwa na kuvu hupitia hapohapo.

Maji utayahitaji hasa Desemba mwishoni hadi Februari. Kumwaga kikombe kila jioni ni kazi bure, maana unalowesha juu na mizizi inakuja juu kutafuta, kisha jua linaikaanga. Mpe mti wako nusu jerikani mara mbili kwa wiki, polepole. Chukua jerikani kuukuu, toboa tundu moja dogo la sindano ya moto karibu na kitako, ijaze, iweke kando ya shina uende zako. Maji ya kufulia yanafaa kwa bogenvilia na oluwaanyi mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo. Kwa iksora na mawaridi tumia maji ya mvua kutoka kwenye paa.

Mawaridi yako mawili yaliyobaki usiyatupe. Yamekuonyesha kwamba yana moyo. Lakini kwenye unyevu wetu huku ziwani mawaridi hupata madoa meusi kwenye majani, yakaanguka yote. Ungekuwa Kabale, mita zaidi ya 1,800 juu, penye baridi, ningekuambia panda ishirini. Hayo mawili yahamishie upande wa mashariki, jua la asubuhi likaushe umande mapema, yaachane mita nzima ili upepo upite, umwagilie chini, usilowanishe jani, na jani lenye doa uliokote ulichome. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu la kuunganishia ling'oe, hilo si waridi lako, ni shina la kubebea.

Iksora zing'oe wiki hii, uzitie kwenye ndoo yenye udongo mweusi na mboji, uziweke kivulini wakati unachimba mtaro. Ondoa majani yaliyokauka, bakiza ya juu. Ukiona jani jipya linatoka kijani kitupu kabla ya mwisho wa Septemba, zirudishe ukutani kwenye udongo mpya, hatua moja kamili kutoka kwenye msingi wa nyumba.